Mwenye Kuita Huingia Matopeni Kwanza

Wapendwa, mfano wa leo una matope, na yatawarukia. Msiseme sikuwaonya.

Kulikuwa na mji mmoja mdogo milimani, mji wa watu wenye maringo. Nasema maringo na siombi radhi. Watu wale walikuwa na ndiva. Kwa walio wageni huku Upareni, ndiva ni bwawa la mawe na udongo walilolijenga mababu kwa mikono yao. Usiku maji ya kijito hujaa humo, asubuhi tundu la chini huzibuliwa, maji yakashuka na mfereji mpaka mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Kandokando ya ukingo nyasi ni mbichi mwaka mzima. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa na yake kama hiyo, na akipata mgeni alimzungusha apitie pale hata kama njia fupi ni nyingine. "Tazama," anamwambia, "hapo hakuna saruji. Hapo ni migongo ya watu."

Ndiva ikijaa tope, watu wa mji ule waliitana msaragambo. Pembe ya tandala inalia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, kazi inafanywa bure mpaka iishe. Kutokwenda ni aibu ya kuzikwa nayo. Na msaragambo ulikuwa na sheria moja tu: anayepuliza pembe ndiye anayeingia matopeni kwanza. Awe mzee, awe chifu, awe na mguu mbovu. Anapuliza, anakunja nguo, anaingia, ndipo wengine wanamfuata. Kwa nini? Bibi yangu mzaa baba, nilipomuuliza, alinijibu huku anapeta mahindi: "Ili asiite watu kwa upuuzi."

Sasa akaja bwana mmoja mwandaaji wa matamasha, ana gari refu na maneno mafupi. Akaona zile nyasi za ndiva, akazitamani. Akaenda kwa mwenyekiti wa mji kuomba kibali cha kufanyia tamasha pale. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa mtoto wa pale pale, mwenye lugha laini, na alipenda mji wake usikike redioni. Akaitisha mkutano wa wananchi. Akasema tamasha litaleta wageni, wageni wataleta mapato, na wenyeji watafanya biashara ndogondogo.

Mama mmoja mlimaji wa maharage akasimama. Akauliza nani atafagia, nani atalipa walinzi, na hizo biashara ndogondogo ni za kuuza nini. Akajibiwa kwamba yote yamo kwenye kibali. Akauliza kama na ndiva imo kwenye kibali. Hapo akaambiwa muda umekwisha.

Tamasha likafanyika. Spika zikatetemesha sufuria jikoni. Nyuma ya jukwaa vikajipanga vihema, na humo bangi ikauzwa kama karanga, imesokotwa kwenye vikaratasi, mchana kweupe. Mgambo alisimama pale pale, kavipa mgongo vile vihema, anaangalia milima kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Na huyo mgambo, na jenereta, na gari la maji, vyote vililipwa na mji. Mji ulipata wapi? Kwenye ushuru wa soko. Yaani mama anashusha mkungu wake wa ndizi, anatozwa ushuru getini, na ushuru ule unakwenda kumlinda muuza bangi asisumbuliwe. Sasa hapo nani ni mfadhili wa nani?

Asubuhi yake gari la matangazo likapita na kipaza sauti: wananchi wote mnatakiwa kwenye msaragambo wa kusafisha ndiva. Na wananchi wakaenda. Ndiyo, wakaenda! Walivyolelewa, wangekaaje nyumbani? Wakaokota chupa za watu wasiowajua, wakarudi wanaimba. Tamasha la pili hivyo hivyo. Hilo ndilo kosa ambalo watu wale peke yao wangeweza kulifanya: waliitwa na gari, wakaitika kama walioitwa na pembe. Yule mwandaaji akawa anawaambia wenzake huko jijini kwamba amepata mahali ambapo hahitaji kulipa wafagiaji, maana wenyeji wanaona fahari kufagia. Hakukosea. Walikuwa wanaona fahari. Ila fahari yao aliifanya ufagio.

Tamasha la tatu lilikuja maharage yakiwa katika maua. Enyi wakulima, mnanielewa. Maharage yakikosa maji wakati wa maua, maua yanapukutika, na hakuna anayeyarudisha shinani. Safari hiyo watu walichezea juu ya ukingo wenyewe, wakaukanyaga mpaka kipande kikaporomokea ndani, kikaziba tundu pamoja na chupa na mifuko. Maji yakabaki juu, mashamba yakabaki chini, mfereji ukakauka kama koo la mwenye hofu.

Gari la matangazo likapita tena. Watu wakatoka tena, kila nyumba, majembe mabegani, wakajipanga ukingoni. Mwenyekiti akafika na shati jeupe. Akawashukuru kwa uzalendo wao, akatazama saa, akageuka kurudi kwenye gari.

Yule mama wa maharage akamwita.

"Mwenyekiti, mwanangu. Tumeitika. Tunakusubiri wewe."

"Mnanisubiri nifanye nini, mama? Tangazo nimeshatoa."

"Uingie. Aliyeita huingia kwanza. Baba yako aliingia humu na jipu gotini, na mimi nilikuwa msichana wa kubeba togwa, nilimwona."

Mwenyekiti akasema ana kikao. Bibi mmoja kutoka nyuma akamuuliza kwa upole kama viatu vile amevivalia kikao au anakwenda kuposa. Watu wakacheka kidogo. Akamwagiza mtendaji wake aanze yeye. Mtendaji akaangalia lile tope, akakumbuka ana mafua.

Na watu hawakusogea. Wapendwa, mmewahi kuona watu waliosimama tu? Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyeokota jiwe. Hakuna aliyerudi nyumbani akasema shauri yao. Walisimama na majembe yao kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, wale waliokuwa wakikimbilia kazi kuliko wali wa harusi. Maua yao yalikuwa yanapukutika kule chini, kila mmoja alijua, na hawakusogea. Nikifika hapa katika mfano wangu mimi huinua kichwa. Wale ndio watu.

Mwenyekiti alivua viatu. Akakunja suruali, akaingia. Tope likamfika mapajani. Akapapasa kwenye tundu, akatoa chupa, akatoa kamba ya hema, akatoa kandambili ya mtu, kisha akatoa furushi la vile vikaratasi vya bangi vilivyoloa, muuzaji alikuwa amelificha huko. Akalishika mkononi, anatazama. Mji mzima unamtazama anavyotazama.

Akasema, "Muhuri wa kibali niliugonga mimi." Halafu akasema kwamba kuanzia siku ile, mtu yeyote atakayeomba kibali cha nyasi zile ataingia humo kwanza kabla kalamu haijaguswa, na vihema vile havitasimama tena. Mwandaaji alipopelekewa salamu kwamba aje tu, kibali kipo, ila atatangulia yeye matopeni, inasemekana hadi leo bado anatafuta viatu vya kuingilia tope.

Watu wote wakajitosa ndani. Hapo mngependa nimalize, naona wengine mmeshashika vitabu vya nyimbo. Subirini.

Mwenyekiti akainua macho kutoka kwenye tope. Kule juu, chini ya kipande cha hema kilichoachwa, walikuwa wamekaa vijana wa mji ule ule. Macho mekundu, midomo mikavu. Walikuwa wamekaa pale tangu tamasha la kwanza, naweza kusema, maana tamasha liliondoka na bangi ikabaki nao.

Mwenyekiti akauliza, "Na wale, mama? Wale nani amewaita?"

Watu wakamjibia yule mama. Wakasema wale waachwe, wameshaharibika, jembe lenyewe wataliuza. Mmoja wa wale vijana alikuwa mtoto wa dada ya mama yule, na mama alikuwa akimpita kila siku ya soko akigeuza uso upande wa pili. Alikuwa hodari wa kusimama mkutanoni kusema vijana wanaangamia. Kwa vijana wenyewe hakuwahi kufika.

Akatoka matopeni. Akapanda mpaka kule. Hakusimama juu ya vichwa vyao. Aliketi chini pamoja nao, tope likamchuruzika kwenye nyasi.

"Hamkusikia tangazo?"

"Tulisikia, mama mdogo," yule mtoto wa dada yake akasema. "Tukadhani halituhusu."

"Nani aliwaambia haliwahusu?"

"Hakuna. Hakuna aliyetuambia lolote."

Yule mama akasema, "Basi ninakuita mimi. Na mimi, unaona, nimeshaingia."

Kijana akasimama. Hakusimama vizuri, lakini alisimama. Wawili wakamfuata, mmoja akajilaza tena. Tundu likazibuka jua likiwa limeshapita kichwani, maji yakashuka. Yako mashamba yaliyopona, na yako ambayo maua yalikuwa yameshadondoka. Siwadanganyi kwamba yote yalipona.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi tunajua kulalamika kuhusu vibali, na tuna haki. Tunajua kuuliza ushuru wetu umekwenda wapi, na tuendelee kuuliza, mkutanoni, kwa sauti, tukiwa tumesimama. Asiwepo wa kuwaambia kwamba mwanamke wa sokoni hana la kusema juu ya mji. Mji ni mgongo wake. Mimi najivunia ninyi, na nikifa nitakwenda kusimulia habari zenu huko. Simameni mbele ya mkubwa yeyote mmwambie: umetuita, ingia.

Lakini tumwambie hivyo sisi tukiwa wapi? Kwenye ukingo mkavu? Ni mara ngapi tumewaita watoto wetu warudi kanisani kwa kipaza sauti? Tunaimba kwa nguvu ili wasikie nje, tunaombea vijana waliopotea kwa kuwataja majina, kisha tunatoka na kuwapita kwa kuzunguka.

Bwana wetu hakutuita kwa tangazo. Angeweza, ana malaika wenye tarumbeta. Aliingia kwanza. Aliingia zizini, akaingia Yordani pamoja na wenye dhambi, akaingia hata kaburini, halafu ndipo akasema, nifuateni. Kwa hiyo wewe unayemfuata unafuata mtu mwenye matope miguuni. Je, ya kwako yako wapi? Inua kidogo gauni nione.

Asubuhi hii nilipokuja niliwapita vijana wetu wanaokaa nyuma ya ghala la zamani la kahawa. Moshi ule mnaujua. Waliponiona, waliuficha, wakaniamkia, "Shikamoo bibi." Mnajua maana yake hiyo? Wanaotuficha moshi bado wanatuheshimu. Bado ni wetu. Tukitoka hapa, kabla ya chai, mimi nakwenda kuketi nao. Anayetaka kuja aje, ila abebe kitu cha kukalia, nyasi zina umande.