Kisima cha Masizi

Mwaka ule mto ulikauka, likabaki dimbwi moja, na Mfalme Simba akaamuru kila mnyama apate funda moja tu kwa siku. Swala, aliyefiwa na mkewe mwanzoni mwa kiangazi, alimpa mwanawe na funda lake pia, na bado mtoto alishindwa kusimama.

Ndipo Sungura akajitolea kuchimba kisima mwambani. Kwa jasho lake aliomba vibuyu viwili vya maji kila siku, akapewa.

Sungura alijua jambo ambalo baraza zima lilijua bila kulitamka: Simba alikuwa chongo. Nyati alimtoa jicho kwa pembe, naye Simba kwa kiburi hakutaka lisemwe. Basi wakuu wake, kwa adabu, walifumba jicho moja kila walipokuwa mbele yake. Fisi alifumba kwa bidii hadi shavu likamkakamaa.

Sungura hakuchimba. Alichora duara juu ya mwamba bapa, akalipaka masizi upande wa mashariki na majivu upande wa magharibi, maana ndivyo shimo la kweli linavyogawana giza na mwanga jua likichomoza. Asubuhi ya uzinduzi alimketisha Simba mbali kidogo, akamsihi asisogeze kichwa, kwa kuwa wafalme hawatikisiki. Baraza likatazama kwa jicho moja, lisiloweza kupima kina, likaona shimo. Fisi akasifu kina chake.

Sungura alitaka sherehe iishe mapema. Lakini Simba alikuwa na hotuba. Alianza na babu yake, akaja kwa baba yake, na alipojifikia mwenyewe jua lilikuwa limevuka utosi na kushika magharibi. Vivuli vya wote vilihama. Masizi hayakuhama. Sasa upande uliolielekea jua ulikuwa mweupe, wa pili mweusi, kama ilivyo kwa kilima.

"Sungura," Simba akasema polepole, "lile shimo limekuwa kichuguu."

"Ni maji yamefura, Mtukufu," Fisi akadakia. Na kwa kuogopa kutanguliwa, akajirusha kinywa wazi. Aliacha meno mawili mwambani.

Swala alikuwa akisogeza kichwa huku na huku. "Si shimo wala kichuguu, Mfalme. Ni bapa kama mkeka."

"Nani kakuruhusu kufumbua macho mawili mbele yangu?"

"Mwanangu anakufa kwa kiu, Bwana wangu. Jicho moja halikutosha kumtafutia maji."

Simba akamgeukia Sungura. Sungura akaanza kueleza kwamba kisima kimekamilika, ila kwenye mchoro.

Vibuyu viwili vya siku ile akapewa mtoto wa Swala, na kabla ya jioni akasimama. Sungura akapewa jembe na mwamba uleule, achimbe kwenye jua kali baraza likimtazama. Nalo baraza likaruhusiwa rasmi kufumbua macho yote mawili, kwa mambo ya maji tu.

Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua.