Mkanda Uliokatwa kwa Ajili ya Mama Fotini

Hapo zamani, kabla nyie mnaotazama sinema kiganjani hamjazaliwa, watu walibeba viti kutoka nyumbani wakaenda kuangalia picha uwanjani. Raha ile mtaijulia wapi! Basi huko Ugiriki, katika kijiji cha wakulima wa zeituni, alizaliwa Stamatis. Akaenda Athene, akawa mwigizaji wa jukwaani, kisha wa sinema. Lakini alikuwa na sura ya ukali, masikini, kwa hiyo kila mara alipewa kuwa mtu mbaya. Leo mwizi, kesho msaliti, keshokutwa muuaji. Naye aliigiza kweli kweli, hata watu wakikutana naye njiani wanamtemea mate.

Mama yake, Fotini, hakuwahi kumwona akiigiza. Alijisifu tu: "Mwanangu mtu mkubwa huko Athene!"

Siku moja picha yake ikafika kijijini. Humo Stamatis anamuua ndugu yake na kumtupa kisimani. Mama akaja mapema, kavaa gauni la kanisani, akakaa mbele kabisa. Lambros, mwendesha mashine ya kuonyeshea picha, akamwona, roho ikamuuma. Akakata kipande cha mauaji na vyote vilivyofuata. Picha ikaishia ndugu wawili wanakwenda kisimani pamoja. Watu wakazomea, na mwenye sinema akamfukuza kazi Lambros papo hapo.

Mama akamgeukia jirani yake Aspasia, aliyekwisha kuiona picha yote mjini. "Shoga, mwishoni inakuwaje?"

Aspasia hakuwahi kusema uongo. Waliogombana wote walimwendea yeye awaamue. Lakini siku ile akasema, "Wanachota maji, shoga. Wanarudi nyumbani."

Stamatis alipokuja kusalimia, mama akamkumbatia. "Ulivyompenda ndugu yako, mwanangu! Nilifurahi mno."

Stamatis akaelewa kuwa mama amefichwa, akaapa asije akamwona akiwa muuaji. Akarudi Athene, akakataa kila kazi ya mtu mbaya, na kazi nyingine hakuna aliyempa. Akaishia kuuza tiketi mlangoni mwa jumba lile lile alimopigiwa makofi. Miaka ikapita, watu wakamsahau.

Kisha mama akaugua. Stamatis akaja, akakaa kando ya kitanda.

"Mwanangu," mama akasema, "ulipomtupa ndugu yako kisimani, mbona hukulia?"

"Mama! Kumbe uliiona?"

"Nilipanda basi nikaifuata mji wa jirani. Nilikuwa nataka kuuona uso wako tena. Nikaona yote, nikanyamaza, maana mlijisumbua sana kwa ajili yangu. Rudi kazini, baba. Lakini muuaji naye hulia."

Mama akafa. Stamatis akarudi jukwaani, akacheza muuaji, akalia. Ukumbi mzima ukalia naye. Wakamvika taji la dhahabu, akalibeba mpaka kijijini ampe anayelistahili.

Lambros akasema, "Mimi nilipoteza kazi niliyoipenda. Mpaka leo nachuma zeituni za watu."

Aspasia akasema, "Mimi nilikuwa na neno langu la kweli tu, nikalitoa. Tangu siku ile hakuna ugomvi nilioamua bila kujionea haya."

Wanakijiji wakasema, "Lipelekwe kaburini kwa mama. Alijua, akabeba peke yake, na chozi lile ni lake."

Stamatis akasema kwa sauti ndogo, "Nampenda mama yangu. Lakini angesema mapema, nisingepotezea ujana wangu mlangoni."

Taji ni moja, nao wanne, pamoja na marehemu mama, walipendana wote. Je, jamani, nani alistahili?