Afande wa Malaba

Kinyozi huwapendezesha watu kutwa kwa mikono yake, lakini kisogo chake mwenyewe hakioni. Humbidi aketi kitini, ainamishe kichwa, amwachie mwenzake wembe. Ndivyo ilivyo hata kazini: mtu hodari huhitaji jicho la mwingine.

Adeke, mwenyeji wa kijiji cha Kwapa, alifanya kazi ya mapokezi katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo forodhani mjini Malaba, upande wa Uganda. Alikuwa na bidii ya mchwa. Dereva wa lori aliyemjia na karatasi zenye kasoro aliondoka zikiwa zimenyooka. Madereva wote walimwita "Afande", naye alilivaa jina hilo kama taji. Hata hivyo, cheo cha msimamizi wa mapokezi kilikuwa kimempita mara mbili. Sasa kilikuwa wazi tena, na meneja, Bwana Ojiambo, angechagua mtu mwisho wa mwezi. Adeke alijiapiza kwamba kikimpita tena, angerudi Kwapa kulima mihogo.

Alitafuta msaada. Kevina, mwenzake wa maombi, alifunga pamoja naye, akamwambia, "Wewe huna kasoro, mama. Ni wivu wa watu tu." Mjomba Etyang, mwanajeshi mstaafu aliyemfundisha Kiswahili utotoni, alicheka. "Kiswahili yako iko sawa sana. Ukisema 'Kuja!' mutu nakuja. Wewe nataka nini tena?"

Maneno hayo yalikuwa matamu kama asali, lakini hayakumsogeza hata hatua moja. Ndipo alipopiga magoti peke yake na kuomba, "Bwana, nionyeshe nisichokiona."

Asubuhi iliyofuata dereva mmoja, Nashon, alisimama mlangoni.

"Wewe! Kuja hapa. Toa karatasi. Simama pale!" Adeke alisema.

"Ndiyo, Afande!" Nashon alijibu, akapiga saluti. Wenzake waliokuwa nje wakaangua kicheko. Adeke akatabasamu.

Quinter, karani wa fedha aliyevuka mpaka kila siku kutoka upande wa Kenya, hakutabasamu. Madereva walipoondoka alisema kwa upole, "Dada Adeke, unajua kwa nini wanakuita Afande?"

"Wananiheshimu."

"Hapana. Unawaamrisha kama askari kizuizini. Hata salamu huwapi. Wengine hungoja uende kula ndipo waingie."

Adeke alihisi uso ukimwaka moto. "Sema tu unakitaka cheo hicho!"

"Ningekitaka, ningenyamaza," Quinter alijibu.

Adeke alijifungia chooni akalia. Alikuwa ameomba kuonyeshwa, naye ameonyeshwa. Hakujua tu kwamba jibu lingeuma hivyo. Aliporudi alisema, "Basi nisaidie. Mimi sijisikii ninaposema."

Walikubaliana kwamba kila Adeke atakapotoa amri, Quinter atagonga meza kwa muhuri. Siku za kwanza muhuri uligonga kama mvua juu ya bati. Mjomba Etyang alinung'unika, "Sasa wewe naomba-omba watu kama masikini?" Kevina naye aliombwa aache kuomba dhidi ya wenye wivu, auombee ulimi wa rafiki yake, akakubali kwa moyo wote. Polepole muhuri ukapungua kelele.

Mwisho wa mwezi Nashon alikuja tena. Bwana Ojiambo alikuwa amesimama karibu.

"Karibu, kaka. Pole na foleni. Naomba karatasi zako."

Nashon alitazama huku na huku. "Afande yuko wapi leo?"

"Amestaafu," Adeke alijibu.

Kicheko kikalipuka, na safari hii Adeke alikielewa. Bwana Ojiambo alicheka hadi akafuta macho. Jioni alimwita ofisini, akamkabidhi cheo.

Adeke alipotoka hakukimbilia nyumbani kutangaza. Alikwenda kwenye meza ya Quinter, akauokota muhuri na kuuweka mkononi mwa mwenzake. "Usiuache, dada," alisema. "Kisogo changu bado sikioni."

Hakika, kinyozi hajinyoi.