Bi Pimbi Ataka Pikapu Tu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na jabali, na juu ya jabali kukawa na jua.

— Liwake!

Na chini ya jabali kukawa na mto, na ndani ya mto kukawa na tumbo.

— Tumbo la nani?

Subirini, mtalijua. Aliye karibu na mlango aufunge, maana hadithi hii ina magurudumu, ikitoka nje hatuipati tena.

Hapo kale, ila si kale sana kwa sababu magari yalikuwepo, aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua. Mnyama mdogo wa mawe, mnene kidogo, mkia hana na wala hauulizii. Huyu wetu alikuwa mkulima wa nyanya. Na nyanya zake, jamani, zilikuwa nyanya: ngumu, nyekundu, ukiikata moja mchuzi wa nyumba nzima unabadilika rangi. Bi Pimbi alipita shambani mikono nyuma, akizitazama kama mama wa bibi harusi anavyotazama wageni wakiingia.

Lakini hakwenda shambani kabla ya kuota jua. Ukoo wa pimbi hauanzi kazi yoyote bila kuota jua. Wanatoka kwenye mawe, wanalala kifudifudi juu ya jabali, wazee mbele, watoto nyuma, kimya, mpaka matumbo yapate moto. Ndipo wanasalimiana. Pembeni yao, juu ya mawe hayohayo, zimelala paneli za sola, nazo zinaota jua, na mota iliyofungwa kwenye kinu inasaga unga wa ukoo mzima: vuuum, vuuum. Hakuna pimbi aliyeona ajabu. Jua walilizoea tangu enzi za mababu.

Shida ilikuwa gulio. Gulio lilikuwa ng'ambo ya bonde, mbali na mlima, na mwenye magari alikuwa mmoja tu: Bwana Kiboko.

— Ahaa, tumbo!

Ndilo hilo. Bwana Kiboko alikuwa na yadi ya magari kando ya mto. Mchana alifanya biashara akiwa ndani ya maji, kichwa tu nje, maana ngozi yake na jua havipatani. Akikubebea mzigo, anakubebea alfajiri, kabla jua halijapanda. Na sheria yake ya kubeba ilikuwa moja. Mkifika gulioni anasema, "Nusu yako, nusu yangu." Halafu anafungua mdomo. Gwap! Tenga zima. Gwap! Tenga jingine.

Bi Pimbi aliumia. Kupungukiwa kulimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba Kiboko hakuzitafuna. Alizimeza. Nyanya alizozilea kwa mkono, akazimwagilia, akazikinga na baridi, zinapita kooni bila hata kuonjwa. Siku moja akarudi nyumbani na nusu ya mauzo na hasira nzima, akasema, "Basi. Nanunua gari langu."

Jioni akashuka yadini.

"Hodi, Bwana Kiboko."

"Karibu, Bi Pimbi. Umekuja kukodi?"

"Nimekuja kununua. Nataka pikapu. Matairi manne, usukani, breki, na bodi ya kubebea matenga. Sitaki kingine."

Kiboko akacheka mpaka maji yakapanda kingo. "Pikapu ya hivyo haipo, mama. Zamani zilikuwepo. Siku hizi gari ni gari."

Akamwonyesha. Pikapu nyeusi, ndefu kwenda juu, kuipanda unahitaji ngazi. Ndani kiti cha ngozi kinachokanda mgongo. Friji ya vinywaji. Kioo kikubwa cha kukuonyesha njia ambayo unaiona mwenyewe. Na nyuma bodi nzuri, pana, ambayo tangu izaliwe haijawahi kubeba hata tenga moja.

"Bei?" akauliza Bi Pimbi.

"Mavuno yako yote, na ya watoto wako, na ya wajukuu wako ambao hawajazaliwa."

Bi Pimbi akapanda ngazi, akakaa kwenye kiti, akazama, hata masikio hayakuonekana. Akajitoa, akashuka, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Bwana Kiboko, kiti hiki kinataka makalio ya heshima. Yangu hayatoshi. Kingewekwa pale kwenye matope yako, ukakikalia wewe, nani mto mzima angeuliza mkubwa ni yupi?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwa Kiboko kuna sauti: blubu, blubu, blubu.

"Kweli. Kiti kinabaki kwangu."

"Na bei?"

"Bei toa wajukuu."

Bi Pimbi akafungua friji, akaifunga. "Na friji hii mimi nitaitia nini? Nyanya zangu zinauzwa kabla hazijapoa. Lakini wewe, mchana wa joto, ukapata nyasi za baridi..."

Blubu, blubu, blubu.

"Friji inabaki kwangu."

"Na bei?"

"Bei toa watoto."

Bi Pimbi akakigusa kioo kwa kidole. "Na hiki kioo. Mimi njia yangu ni moja, ya gulioni, naijua hata nikifumba macho. Lakini angalia kilivyo kipana. Uso wako wote unaenea. Kuna kioo gani kingine duniani kinachoeneza uso wako?"

Blubu.

"Kioo kinabaki kwangu. Wewe lete mavuno ya msimu huu tu." Kiboko alikuwa ameshanogewa na kubakiza. "Na breki nazo zibaki?"

"Breki nipe, mzee wangu. Mimi nakaa mlimani."

Kiboko, ili amalizie biashara kwa kishindo, akawasha gari. NGRRRUM! Ndege wote wa mtoni wakaruka. Bi Pimbi akaweka mkono kifuani.

"Samahani, Bwana Kiboko. Nilidhani ni wewe umenguruma."

Akageuka, akachezea majani. Na Kiboko jicho lake limeganda kwenye injini. Blubu, blubu. Blubu, blubu, blubu.

"Injini nayo inabaki," akasema mwishowe.

"Bwana Kiboko! Gari bila injini?"

"Ulisema matairi manne, usukani, breki na bodi. Injini uliitaja?"

Bi Pimbi akainamisha kichwa. "Sikuitaja," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi. Na bei ni ileile."

Wakapeana mikono. Kesho yake nyanya za msimu mzima zikashuka mtoni, gwap, gwap, gwap, na bati lenye matairi manne likapanda mlimani likisukumwa na ukoo wa pimbi, wanaume kwa wanawake, wakihema. Kiboko akajitupa kwenye kiti chake cha matopeni, akawaza jinsi alivyomwonea yule mdogo, akasinzia kwa furaha.

Huko juu Shangazi Pimbi, mkubwa wa ukoo, akalizunguka gari mara kadhaa, akalipiga kofi: ngwe! "Mwanangu," akasema, "umetoa msimu mzima ukanunua kitanda cha chuma."

Bi Pimbi akaogopa. Nawaambia ukweli, aliogopa. Mbele ya Kiboko alikuwa hodari, lakini sasa ghala lilikuwa tupu, na kama alilowaza halikuwezekana, watoto wa ukoo wangekula magugu mpaka mvua nyingine. Akaenda kubisha hodi kwa Fundi Nungunungu, yule aliyefunga kile kinu cha kusagia unga.

"Fundi, kinu kina mota moja. Ile ya akiba bado unayo?"

"Ninayo."

"Na betri?"

"Zipo."

"Inaweza kuzungusha matairi badala ya mawe ya kinu?"

Fundi Nungunungu hapendi maneno mengi. Akang'oa mwiba mmoja mgongoni, ndio bisibisi yake, akaingia chini ya gari. Kwi, kwi, kwi. Akang'oa wa pili, mwembamba zaidi, akafunga nyaya. Halafu akatoka, akaziegesha paneli kwenye mawe, akaunganisha. "Lianike," akasema.

Basi wakalianika. Asubuhi pimbi wakalala kifudifudi kama kawaida, wazee mbele, watoto nyuma, na gari katikati. Matumbo yalipopata moto, Fundi akamwambia Bi Pimbi, "Panda. Kanyaga pale."

Bi Pimbi akakalia kigoda alichotoka nacho jikoni. Akakanyaga. Wote wakatega masikio wasikie ngurumo.

Kimya.

Shangazi akajishika shavu. "Ole wetu," akasema. "Halikuwaka."

"Shangazi," akasema mtoto mmoja, "gari liko wapi?"

Wakageuka. Gari halikuwepo. Lilikuwa limeshafika mwisho wa jabali, sssss, linapinda taratibu kwenye kichaka cha mwisho, na Bi Pimbi juu ya kigoda chake, mgongo umenyooka, hatazami kushoto wala kulia. Aliporudi hakuna aliyepiga kelele. Shangazi alisogea tu pale anapoota jua, akapiga jiwe la pembeni yake. "Kesho mliweke hapa mbele," akasema. "Ni la kwetu hili."

Nyanya za msimu wa pili zilipoiva, Bi Pimbi akapakia matenga mpaka bodi ikajaa, akashuka mchana kweupe, akapita kando ya mto. Kiboko alikuwa kwenye kiti chake, kimeshavimba maji. Friji ilikuwa imejaa kambare. Injini alikuwa ameiwasha ndani ya maji ili angurume, ikakohoa kho-kho-kho, ikanyamaza mpaka leo. Akaona nyanya zinapita. Nusu yake inapita na nusu isiyo yake inapita.

"Wewe! Nani anakusukuma?"

"Jua, Bwana Kiboko."

"Jua lina mikono?"

"Wewe ungelijulia wapi? Likitoka tu unazama." Na akaenda zake, sssss.

Kiboko akavimba kwa hasira. Kumbe gari lilikuwa linatembea na yeye hakuambiwa. Akaapa kulifuata hukohuko mlimani alirudishe. Akauliza ndege, gari linapumzika saa ngapi. Wakamwambia mchana, jua la utosi, juu ya jabali. "Nami nitakwenda mchana," akasema.

— Ee, Kiboko!

Acheni aende. Akapanda, dubu, dubu, dubu. Nusu ya njia ngozi ikaanza kubana. Karibu na kilele ikaanza kupasuka. Alipofika juu aliliona gari limelala linaota jua, akafungua mdomo aseme "Langu," na miguu ikakataa. Dubwi! Akaanguka juu ya mawe ya moto.

Pimbi wakamzunguka. Wakamwagia maji ya kibuyu, yakakauka kabla hayajafika tumboni.

"Bi Pimbi," akasema Kiboko kwa sauti ya kukwaruza, "nakufa. Nishushe mtoni."

Bi Pimbi alimtazama yule mkubwa alivyolala, akamhurumia, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Lakini hakuwa na haraka. "Nitakushusha. Sheria ya kubeba si unaijua?"

"Naijua, naijua. Twende."

Ukoo mzima ukamviringisha mpaka kwenye bodi. Bodi ikalia nyiii. Na kushuka hakutaki injini wala mota, kunataka breki. Krrrii, krrrii, kona kwa kona, Bi Pimbi juu ya kigoda, mpaka ukingoni. Wakammwaga. Chubwiii!

Kiboko akanywa, akapumua, akainua kichwa. Bi Pimbi alikuwa bado amesimama ukingoni.

"Mzigo umefika salama, Bwana Kiboko. Nusu yako, nusu yangu."

"Mzigo gani? Ulinibeba mimi."

"Ndiyo."

Blubu. Blubu, blubu, blubu. Hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote.

"Nusu ipi?" akauliza Kiboko polepole.

"Ya nyuma baki nayo, mimi sina kazi nayo. Nachukua ya mbele. Yenye mdomo."

"Utaikata?"

"Siikati. Nakuachia unitunzie. Ila mdomo huo ni wangu, na mdomo wangu haumezi nyanya za watu."

Ndiyo maana mpaka leo ukipita mtoni mchana unamwona Kiboko macho na masikio tu. Mdomo ameuficha majini, asije mwenyewe akaudai. Na ukipanda jabali asubuhi, utawakuta pimbi wamelala kifudifudi, wazee mbele, watoto nyuma, na mbele ya wazee wote, pikapu. Haina friji. Haina kioo. Ukiwauliza ni ya nani, wote watakujibu kwa pamoja, hata kale kalikozaliwa jana: "Yetu."

Sasa mafunzo, maana hadithi bila mafunzo mtaniambia nimewachosha bure. Mafunzo ni haya: mtu asikudanganye ukanunua gari lisilo na injini. Utapata hasara kubwa.

— Kama Bi Pimbi!

Kama Bi Pimbi, maskini wa Mungu. Hadithi yangu nimeishusha hapa. Atakayeibeba kuipeleka kwao, nusu yake, nusu yangu.