Asali Iliyonunuliwa Bila Kuonjwa

Asiyependa ubishi aondoke sasa hivi, maana hadithi hii haina mfalme wala sungura. Ina tovuti, na imekwisha gombanisha watu.

Mjini Tabora walikuwapo mafundi tovuti watatu. Kashindye alikuwa na jicho: akipiga picha kijiko, unakitamani. Kapela alikuwa na sikio: ukimsimulia jambo, analiandika kwa maneno yako mwenyewe mpaka unajishangaa. Tausi alikuwa na mkono mwepesi: kurasa zake zilifunguka hata pale ambapo mtandao huja kwa kuviziwa.

Nyamizi, mrina asali wa Sikonge, aliwapa kazi wote watatu. Ndivyo alivyozoea. Mfuga nyuki hatundiki mzinga mmoja. Hutundika kadhaa, akangoja nyuki wachague. Alisahau kwamba tovuti ni moja. Walipokutana mlangoni kwake, kila mmoja akijua kazi ni yake, aliona haya kwelikweli.

"Nisameheni, wanangu. Itengenezeni pamoja. Ila wa kubaki na kazi ya kuitunza ni mmoja: atakayeniletea mtu wa kununua bila kuonja."

Wakacheka. Sikonge hakuna anunuaye asali kabla ya kudondoshewa tone kiganjani, akaramba, ndipo bei itajwe. Nyamizi hakucheka. Madumu yamejaa, wateja hakuna, na kaka zake walikwisha mwambia: usipouza msimu huu, msitu wa baba tunaukata, kuni zikaushe tumbaku.

Kashindye akapiga picha ya asali ikichuruzika, jua likipita ndani yake. Kapela akakaa na Nyamizi siku tatu, akaandika jinsi anavyowaomba nyuki radhi kabla ya kufungua mzinga. Tausi akapunguza hiki, akabana kile, na ile picha akaipunguza uzito mpaka Kashindye akamnunia siku nzima.

Wiki ya pili simu ikalia. Alikuwa Somoe, mwenye mkahawa huko Newala.

"Dada yangu, madumu yote nayataka mimi."

Nyamizi akamaka: "Lakini hujaionja!"

"Picha ilinisimamisha. Nikasoma unavyowaomba nyuki radhi, nikasema huyu hawezi kuchanganya asali na sukari. Na huku kwetu tovuti za wengine zote ziligoma. Iliyofunguka ni yako tu."

Nyamizi alitoka nje akautazama msitu, machozi yakimtoka. Mtu asiyemjua, ng'ambo ya pili ya nchi, ameiamini asali yake ulimi ukiwa mkavu! Tangu azaliwe hakuwahi kuona ajabu kama ile.

Mafundi wakaja mbio.

"Bila picha asingesimama," alisema Kashindye.

"Angesimama, kisha angeondoka," alisema Kapela.

"Na isingefunguka, mngemwonyesha nini?" aliuliza Tausi.

Nyamizi aliwatazama mmoja mmoja. Kazi ni moja, na ahadi aliitoa kwa kinywa chake.

Haya, ninyi mlionisikiliza: kati ya hawa watatu waliouokoa msitu, ungemwambia nani abaki? Na wale wawili, ungewatazamaje usoni?