Daftari la Maumivu na Sijambo ya Bibi Umeko

Someni mpaka mwisho, msinijibu kwa kidole gumba.

Mwanakheri wa Pangani alikwenda Japani kusomea uuguzi wa wazee. Huko kila uchungu una neno lake. Kichwa kikigonga ni zukizuki. Tumbo likinyonga ni kirikiri. Ukichomwachomwa kama na sindano, chikuchiku. Akayajaza daftarini, akayakariri kama mtoto wa chuoni.

Siku ya mtihani Daktari Hirota, mzee asiyejua kucheka, aliwasimamisha wanafunzi watatu mbele ya kitanda cha Bibi Umeko.

"Niambieni anaumwa nini. Atakayekosea atarudi kwao."

Wa kwanza akauliza, "Bibi, ni zukizuki?"

"Daijobu," akajibu bibi, yaani sijambo.

Wa pili akamsomea maneno ishirini. Akapata daijobu ishirini. Wote wawili wakaandika: mzima.

Mwanakheri akamtazama bibi. Anatabasamu, lakini shuka kaikamata kwa ngumi. Akamkumbuka bibi yake, Bi Mwanatumu, anatetemeka kwa homa mpaka kitanda kinalia.

Mgeni anaingia, anauliza, "Hujambo, Bi Mwanatumu?"

"Sijambo, mwanangu."

Watoto? Wazima. Nyumbani? Kwema. Mpaka kikombe cha pili cha chai ndipo aseme, "Ila mbavu hizi, mwanangu, haziniachi." Na mgeni alikuwa bado yupo. Enzi hizo watu walikuwa na makalio ya kukaa.

Mwanakheri akafunga daftari, akavuta kiti. Akauliza habari za wajukuu. Akauliza habari za bustani, nani anaimwagilia.

"Muda umekwisha!" akafoka daktari.

"Bado sijamaliza kumwamkia, daktari."

Bibi Umeko akaushika mkono wa Mwanakheri, akauweka tumboni mwake, chini upande wa kulia. "Hapa. Tangu juzi. Sikutaka kuwasumbua."

Daktari akabonyeza kidogo tu, bibi akapiga ukelele. Jioni ile ile alipasuliwa, akapona. Wangechelewa siku moja, wangemzika.

Kesho yake Daktari Hirota akatoa mfukoni karatasi ya majibu. Iliandikwa: *Hana ugonjwa.* Alimchagua bibi yule makusudi, kwa kuwa alimdhania ndiye mzima pekee wodini.

Mwanakheri akaisoma, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kumbe aliyekosea ni wewe, mzee wangu. Je, utarudi kwenu lini?"

Wanasema siku hiyo Daktari Hirota alicheka.

Funzo: "Sijambo" ya mgonjwa ni mlango uliorudishwa, haukufungwa, vuta kiti, uliza tena. Na kabla hujamtumia mwenzio hadithi hii, nenda kamwamkie.