Jina la Mtoto Aliyetoka Jikoni

Aliye na chungu motoni akakiepue kwanza, kisha arudi akae. Hadithi hii haisikilizwi moto ukiwa unawaka nyuma yako.

Tanga mjini, nyumbani kwa Bi Mashavu, walikuwapo ndugu watatu, kila mmoja na lake. Kombo alikuwa na jicho: akitazama chumba anajua kabati litaenea au halitaenea. Shani alikuwa na pua: maziwa yakianza kuchacha anajua kabla ya paka. Rehani alikuwa na mkono. Alikuwa seremala, na mlango alioufunga yeye haulii bawaba.

Mdogo wao, Zaina, alikuwa amerudi kwa mama kujifungua mtoto wa kwanza, ndiyo desturi yao. Na kwa desturi hiyo hiyo, bibi mzaa mama ndiye humpa mtoto jina siku ya saba. Hilo lishikeni.

Chumba cha kupikia kilikuwa chembamba, ukiinama kuteka maji makalio yanagusa ukuta. Jiko la gesi lilikaa ubavuni mwa mlango, mtungi wake chini ya meza, na sakafu yote ilijaa ndoo, magunia ya mkaa na sufuria za shughuli. Watu walizoea. Ila mwezi wa Ramadhani mwanamke wa nyumba ya pili aliungulia jikoni kwake, akafa. Majirani walisukuma mlango usifunguke, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameanguka nyuma yake.

Tangu hapo Zaina aliogopa. Kabla ya kuwasha kiberiti aliutazama mlango, na kwa tumbo lile hata kugeuka aligeuka kwa shida.

"Kaka, mimi nitafia humu," alimwambia Kombo. Wala hakuwa anatania.

Ndugu wakakaa kupanga.

Kombo akachora kwa chaki sakafuni, akafuta, akachora tena. "Jiko liende pembe ya ndani, chini ya dirisha tutakalotoboa. Moto ukizuka, wewe geuka tu, njia iko wazi." Jiko likahamishwa, dirisha likatobolewa.

Shani akaunusa mtungi, akakunja uso. "Huu haulali humu na mdogo wangu." Mtungi ukapelekwa uani, ukajengewa kijumba cha matofali, na mpira wake ukapitishwa ukutani.

Rehani akaung'oa mlango, akaugeuza ufungukie nje. Kisha akapiga rafu mpaka juu, akapandisha sufuria na ndoo zote, sakafu ikabaki tupu.

Bi Mashavu alisifu kazi, lakini lile dirisha lilimnyima raha. Mpita njia ataona leo wanakaanga nini, na macho ya watu anayajua. Basi bila kumwambia mtu, akatundika kanga dirishani, juu ya jiko.

Asubuhi moja ya upepo, Zaina akikaanga samaki, pindo la kanga likashika moto. Kanga yote ikaangukia kwenye karai la mafuta.

Moshi ukajaa asione hata mkono wake. Alisikia harufu ya nywele zake. Mtoto tumboni akapiga teke moja, kisha akatulia, na kule kutulia kulimtisha kuliko moto. Akageuka. Akaenda akipapasa, hakujikwaa popote. Nguvu zikamwishia, akaanguka na uzito wake wote mlangoni, mlango ukafunguka, akajikuta uani. Bi Mashavu alikuwa ameshafika kwenye mtungi, anaufunga huku analia. Moto ukamaliza kanga na mafuta, ukakosa cha kula, ukafa.

Jioni hiyo Zaina akashikwa na uchungu. Akazaliwa mtoto wa kike, mzima.

Siku ya saba Bi Mashavu alimpakata mjukuu.

"Kanga niliitundika mimi," alisema. "Nilimwogopa mpita njia asione karai langu, nikakaribia kumzika mwanangu. Mdomo wa kumpa huyu jina sina. Atampa yule aliyewatoa humo."

"Jiko lingekuwa pale mlangoni, Zaina angepita wapi?" akauliza Kombo.

"Mtungi ungekuwa ndani," akasema Shani, "hii nyumba yenyewe ingekuwepo?"

"Na mlango ungefungukia ndani," akasema Rehani taratibu, "si tungemkuta kama tulivyomkuta yule jirani wa Ramadhani?"

Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwamba anasema uongo. Zaina naye, pale kitandani, akasema kwa sauti ndogo, "Lakini miguu ilikuwa yangu."

Jua linashuka, mtoto hana jina, na bibi yake anawatazama mmoja mmoja. Hofu haijamtoka. Hata mimi haijanitoka, maana tangu nimekaa hapa nautazama mlango wenu, nao unafungukia ndani. Basi tusikawie. Wewe uliye karibu nami, na wewe uliye kule mwisho: je, ungeamua vipi, nani ampe mtoto jina?